Picha ya mdogo wangu akila ugali

"Hakuna maiti, hakuna fidia. Subirini miaka saba." Hayo aliyasema mjomba wetu matangani, na watu wakaitikia, maana yeye ndiye aliyewahi kusafiri. Mimi nauza viazi karai Majengo, Mombasa. Nani angenisikiliza?

Mdogo wangu alikuwa oila, fundi wa kutia mafuta mitambo, kwenye meli ya mizigo yenye bendera ya Panama. Ilizama kwa dhoruba, wenzake wanne wakaokolewa, yeye hakuonekana tena. Siku ya tano akaja wakala aliyempeleka kazini, na tende, na bahasha ya dola elfu saba. Wifi yangu yuko edani, macho yamevimba. "Ni rambirambi tu, mama. Tia sahihi kwamba umepokea." Kurasa mbili za kupokea rambirambi? Nikamwambia miwani yangu imevunjika, aiache karatasi nikasomewe. Miwani ilikuwa kichwani mwangu! Kijana wa jirani akaisoma: tukitia sahihi, hatumdai mtu yeyote tena maishani.

Bahasha tukairudisha, karatasi nikabaki nayo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda saiba kuandikiwa barua pepe ya vitisho kwa mwenye meli. Shilingi mia tano, au zaidi, sikumbuki. Kimya. Baadaye nikaambiwa kampuni yenyewe ni sanduku la posta tu.

Ofisi ya ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, ndiyo iliyonifungua macho. Mkataba wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unamtaka mwenye meli awe na bima ya kifo cha baharia, na fedha iliyoandikwa kwenye mkataba wa kazi ilipwe yote bila kucheleweshwa, wala familia isishinikizwe kupokea pungufu. Vizuri. Bima ya nani? Wakala "hajui".

Ndipo yule bwana wa ITF akataja, kama mtu asemaye mvua imenyesha, kwamba cheti cha bima lazima kibandikwe melini mahali mabaharia wanapokiona.

Nilikesha na simu ya wifi. Huyu mtoto alipenda kujipiga picha! Sitahani, injini, juu ya kontena. Saa tisa usiku nikampata mesini, chumba cha kulia cha mabaharia, ana tonge la ugali mkononi, anacheka, na nyuma ya bega lake karatasi ukutani. Nikaivuta, herufi zikavunjika. Nikalia kidogo, nikaendelea. Picha ya nne kutoka hapo, sherehe ya mpishi: cheti chote, kati ya kalenda na chupa ya tomato. Jina la bima, namba ya simu, na tarehe haijaisha.

Ile miaka saba ya mjomba, wakili alicheka. Ni ya mtu aliyepotea bila habari, na sisi tulikuwa na mashahidi wanne walioiona meli ikizama naye ndani. Kilichotuchelewesha ni sisi wenyewe: kwenye mkataba wa kazi alikuwa ameandika jina la mama kuwa wa kulipwa, hakubadilisha alipooa. Tulinuniana hadi kwa Kadhi. Kama una baharia nyumbani, muulize leo ameandika nani.

Watu wa bima walilipa themanini na kitu elfu, dola. Risiti yao nilisomewa mara tatu, mpaka nikausikia ule mstari unaosema malipo hayatuzuii kumdai mwenye meli kwa uzembe. Kesi hiyo bado iko kwa wakili.

Mjomba sasa anasimulia barazani kwamba yeye ndiye aliyetuelekeza. Na wakala bado anaulizia karatasi yake. Nimeitia plastiki.