Siku moja ya promota wa simu ngeni, Mwanjelwa, Mbeya

Saa 12 na nusu asubuhi niko Uyole nasubiri daladala, sweta limefunika fulana ya kazi. Mwezi wa 7 baridi ya Mbeya haina mchezo. Kazi yangu ni kuinadi Redmi kwa watu ambao mioyo yao iko kwa Tecno.

Saa 2 tunafungua fremu. Tunafuta kioo, tunapanga simu, tunawasha spika.

Saa 3 wanaanza kuingia walioshuka na magari ya Tukuyu, wameshauza ndizi na viazi. Wanakuja na pesa mkononi na jina la simu mdomoni: "Nipe Tecno." Ukiuliza kwa nini, wanakwambia hizo ndizo simu zetu. Tecno, Infinix na itel zote ni za Transsion ya Shenzhen, China, lakini siwabishii, maana wana haki. Kampuni ile ilipohamishia nguvu zake Afrika mwaka 2008 ilikuta watu wanatembea na laini mbili, umeme ni wa mashaka, na picha za watu weusi zinatoka giza tupu. Ikaleta simu za laini mbili, betri linalokaa na chaji, baadaye na kamera inayoijua ngozi yetu. Uenyeji wake imeufanyia kazi.

Saa 4 na nusu anaingia mzee mwenye koti zito. Shikamoo baba, marahaba mwanangu. Namwekea Redmi kiganjani. Kamera hata haulizi. Anaigeuza, anagonga mgongo wake kwa ukucha, kisha: "Kioo kikipasuka, nani anatengeneza?"

Swali hilo silijibu kwa mdomo. Nampeleka kwa fundi nyuma ya fremu yetu, naye anavuta droo. Vioo vya Tecno vimejaa, kila kimoja kimeandikwa modeli kwa maka peni. Vya Redmi viko viwili. Mzee anatazama droo, ananitazama mimi. Fundi anamwambia kingine huagizwa Dar na kinakuja na basi. Ni kweli, na nafurahi ameambiwa na fundi.

Bado ana hofu nyingine. "Isije ikazimwa kama zile." Anakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchi nzima. Tangu hapo jina geni linatiliwa shaka. Nabonyeza *#06#, namba ya utambulisho wa simu (IMEI) inatokea, naituma kwenda 15090 kuihakiki. Ujumbe unarudi na jina la simu. Anausoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Kipeperushi chenye megapikseli sijaona kikimtuliza mtu namna ile. Anasema anakwenda kumuuliza kijana wake.

Saa 7 tunakula wali wa Kyela na maharage. Binti mgeni kazini amekariri sifa zote za simu, hakosei hata GB moja, ila wateja wanamkimbia. Namsimulia Japani. iPhone iliingia kule Julai 2008 kupitia SoftBank, kampuni ya mtandao wa simu, ikakuta simu za wenyeji zinaonyesha televisheni, zinalipia treni kwa kugusishwa tu, na watu wanatumiana emoji. Apple ikabidi iweke emoji kwa ajili ya Wajapani, Novemba mwaka uleule. Mwaka 2009 SoftBank ikatoa iPhone ya GB 8 bure kwa aliyesaini mkataba wa miaka miwili. Ile ya kulipia treni Apple iliileta mwaka 2016 kwenye iPhone 7. Mgeni ndiye aliyejifunza desturi za mwenyeji. Namwambia binti aache kwanza kamera, amuulize mteja anachaji wapi na fundi wake ni nani.

Mchana unapita na kava, protekta na waulizaji bei.

Saa 10 mzee amerudi na kijana wake, mwalimu. Kijana anakagua boksi na risiti, wananong'ona Kinyakyusa, kisha mzee anatoa laini zake mbili kwenye Tecno ya zamani. Nazipachika, napiga hesabu ya chenji. "Ndaga," ananiambia, yaani asante, anataka pia namba yangu na ya fundi, ziandikwe kwenye karatasi.

Saa 1 usiku natuma ripoti. Ofisi inataka idadi na picha za bango. Nazituma, na chini yake naandika: kabla ya gari la matangazo, leteni vioo na betri kwa mafundi wa Mwanjelwa, Mbalizi na Tukuyu.