Saruji ilinitia hasara
Mwaka jana niliupiga plasta ya saruji ukuta wa daka (kibaraza cha mlangoni) la nyumba ya bibi, hapa Mkomani, Lamu. Nikajiona nimemaliza kazi. Masika moja tu, plasta ikavimba, ikadondoka vipande vipande. Nyuma yake mawe ya matumbawe yamelowa, chumvi imeota kama unga.

Nikamwita ami mmoja, fundi wa zamani. Akakwangua kwa ukucha, akacheka. "Mwanangu, umeiziba nyumba pumzi." Jiwe la matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Chokaa huyapa njia, saruji huyafungia ndani.

Basi tukabandua yote. Mchanga ulikuja kwa punda, maana uchochoro wetu hata mkokoteni haupiti (punda mmoja aligoma mlangoni karibu nusu saa, watoto wakapata sinema ya bure). Chokaa tuliiloweka wiki kadhaa kabla ya kuigusa. Darini tukabadilisha boriti mbili za mikoko zilizooza. Ndipo nilipoelewa kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ni urefu wa boriti.

Mji wetu wa kale umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Sifa nzuri, lakini haimlipi fundi. Gharama imenitoa jasho, na jirani bado ananiuliza kwa nini sikubandika vigae tu.

Jana baada ya alasiri wazee wawili wamerudi kukaa dakani. Hawakusema kitu kuhusu ukuta. Wameagiza kahawa.