Barua ya Ajira Niliyoikataa Mtwara

Watu wakisikia wewe ni mshauri mwelekezi, wanakuhesabia fedha mfukoni kabla hujakaa. Fedha sizikatai; nina watoto wanaosoma. Ila mshauri hulipwa vipande vipande, na kile kipande kinono husubiri ripoti ya mwisho ikubaliwe, nayo inaweza kulala mezani kwa mtu hadi usahau ulichoandika. Ingekuwa ni fedha tu, wengi wetu tungesharudi kwenye mshahara.

Msimu wa korosho wa 2011 nilikuwa uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi tuliyopewa, zilitutaka tuone mfumo wa stakabadhi ghalani unamfikiaje mkulima. Kwenye karatasi ulipendeza: unapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, unapata malipo ya kwanza, zikishauzwa mnadani unamaliziwa ya pili. Vijiji vile nilishavipita zamani, nikiwa mtumishi, ndani ya gari la serikali. Kila niliyemuuliza alinijibu, "Hatuna tatizo, mheshimiwa."

Safari hii nilifika kwa bodaboda. Nikamkuta bibi mmoja anachambua korosho juu ya turubai, safi huku, zilizosinyaa na zenye madoa kule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na chama?"

"Hapana."

"Wilaya?"

"Hapana. Nimepewa kazi ya kuuliza tu."

Akacheka. "Kumbe kuna kazi ya namna hiyo!"

Alifungua pindo la khanga, akatoa stakabadhi zilizokunjwa hadi zikaanza kuchanika. Gunia alilolipima kwa jirani lilikuwa na kilo 83. Stakabadhi ilisoma 78. Karani alisema ni unyevu. "Unyevu gani," akaniuliza, akipasua moja kwa meno ili nisikie inavyolia, "jua lote hili?" Kisha ikasimama pikipiki ya kiongozi wa chama. Pindo likafungwa, na bibi akaanza kunieleza shida ya maji, ambayo kule uwandani ni ya kweli na haimuudhi mtu.

Jioni, gesti, nikakuta baruapepe kutoka kwa wenye mradi: ajira ya kudumu, gari, bima ya familia nzima. Wenzangu wakanishangaa nilivyosita. Kijana wetu wa takwimu alikuwa anakusanya kazi za kujazia wasifu wake, na angeisaini pale pale. Mzee wetu, profesa mstaafu, naye akasema nichukue.

"Wewe mbona bado unazunguka na sisi, Prof?"

"Pensheni inanitosha. Lakini nyumbani nani ananiuliza swali?"

Mimi nilikuwa nawaza lile gari. Ningerudi kwa bibi yule nimekaa kiti cha mbele, naye angenieleza habari za maji tangu mwanzo hadi mwisho. Utu uzima wangu wote kazini nilikuwa naambiwa habari za maji. Kuambiwa la mizani kulinipa raha ambayo, niseme kweli, haina uhusiano wowote na kumtetea mkulima. Napenda tu kujua.

Nikampigia mke wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na ada ya Januari?"

Barua nikaijibu usiku ule ule kwamba nashukuru, hapana. Ada tulikopa Saccos, kwa jina lake.