Siku yangu na mwanamke asiyeonekana

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeamka kabla ya simu kulia. Darasa langu la fasihi limemaliza kusoma *Rebecca*, riwaya ya Daphne du Maurier ya mwaka 1938, na leo tunaiingia filamu ya Alfred Hitchcock ya 1940. Naitazama tena sehemu nitakayowaonyesha, sauti nimeizima, nione macho peke yake yanaambiwa nini.

Saa mbili. Nagawa karatasi tupu. Baada ya kutazama, kila mmoja ataandika kimya kwa dakika 10 ndipo tuzungumze. Zamani sikufanya hivyo. Aliyetangulia kusema ndiye aliyeamua filamu inahusu nini, na mara nyingi alikuwa mvulana mwenye sauti. Wasichana walikubaliana naye kwenye insha, kisha wakanifuata mlangoni kuniambia walichokuwa wakifikiri kweli. Liliniuma sana.

Saa mbili na nusu. Maxim anamsimulia mke wake wa pili jinsi Rebecca, wa kwanza, alivyokufa. Hatuonyeshwi tukio lenyewe. Kamera inatua kwenye kochi tupu, inainuka kana kwamba mtu amesimama, inavuka chumba. Tunamfuata mwanamke ambaye hayupo, na anayesema alikuwa mtu wa namna gani ni mumewe. Kitabuni Maxim alimpiga risasi. Kwenye filamu Rebecca anaanguka na kugonga kichwa, kwa kuwa kanuni za Hollywood za wakati ule hazikuruhusu muuaji aachwe bila adhabu.

Saa tatu. Nazikusanya karatasi na kuzisoma kwa sauti bila majina. Wengi wa wavulana wamemhurumia Maxim: kateswa na mke. Wengi wa wasichana wameuliza tumejuaje kwamba Rebecca alikuwa mbaya. Msichana mmoja, hata hivyo, anamtetea Maxim kwa nguvu kuliko wote, kwa hiyo siwezi kusema jinsia inamwamulia mtu atakachokiona. Inampa tu mahali pa kuanzia kutazama.

Kisha mvulana mmoja anainua mkono. "Mwalimu, kwenye riwaya nilikuwa mimi ndiye yule bibi harusi. Kwenye filamu namwangalia tu."

Nimekaa na sentensi hiyo mchana kutwa. Riwaya nzima inasimuliwa na mke wa pili, ambaye hata jina hatupewi. Msomaji, awe wa kiume au wa kike, analazimika kusema "mimi" pamoja naye hadi mwisho. Filamu inafungua kwa sauti yake, kisha sauti inatoweka na kamera inashika usukani. Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, aliandika mwaka 1975 kwamba sinema ya Hollywood humtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume. Wanafunzi wangu wamelifikia jambo hilo kabla sijamtaja.

Saa sita. Vikao.

Saa nane. Kipindi cha pili na darasa lilelile, na hapa Kiswahili chetu kinanisaidia. Nawaambia wasimulie ile sehemu kama ilivyo kitabuni, bila majina, bila "mume" wala "mke", waseme "mwenzi" tu. *Mwenzi alimdanganya. Akamchukia. Akamuua, akaficha maiti, akaoa*... hapo darasa linakwama, maana "akaoa" imeshafichua. Wanarudi nyuma, wanaandika "akafunga ndoa tena". Sasa nauliza: nani anastahili huruma? Kimya. Mvulana aliyeandika asubuhi "hakuwa na njia nyingine" anaomba karatasi yake nimrudishie.

Saa mbili usiku. Nasahihisha. Karatasi ile imekuja na ukurasa wa pili. Ameandika upya ile sehemu ya kochi, safari hii anasema Rebecca: "Ninainuka. Unasema nilicheka. Hujasema ulikuwa umeshika nini mkononi."

Kesho nitamwomba aisome yeye mwenyewe, kabla sijafungua mdomo.