Mbeya bunduki inalenga, Chunya inakosa

Bunduki yangu ya kuwindia, ya risasi za kipimo cha .30-06, ina kitako cha mti kinachoubeba mtutu. Nikiipima shabaha hapa Mbeya, kwenye baridi na unyevu wa mita 1,700 hivi, inapiga katikati. Nikishuka nayo kiangazi kwenye nyika za kaskazini mwa Chunya, leseni ya swala pala mfukoni, risasi zinahamia kushoto kwa upana wa kiganja katika mita 100. Wenzangu wakalaumu darubini. Nikakaza skrubu zake; wapi!

Dawa ilianzia kwenye kipande cha karatasi. Bunduki ikiwa tupu, chemba, pale risasi inapokaa, umeikagua kwa jicho na kidole, pitisha karatasi kati ya mtutu na mti kuanzia mbele. Yangu ilikwama njiani, upande wa kulia. Mti hunyonya unyevu ukavimba, ukikauka unajipinda, na hapo unausukuma mtutu.

Nilitoa kitako, nikasugua mfereji unaolaza mtutu kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti mpaka karatasi ikateleza bila kugusa. Kisha vanishi ndani, maana mafundi wengi hupaka panapoonekana tu. Sasa risasi zinatua palepale, Mbeya na Chunya. Kambini bado napiga moja ya kupima. Makorongo ya porini hayaihurumii darubini.