Kuni

Neno moja tu, na tangu Jumamosi halijanitoka: kuni.

Mzee anayetufundisha kulaza miti ya ua alifika kwenye shina nililokuwa nimeshalilaza, akalisukuma kwa ncha ya buti, likang'oka kwenye kisiki bila hata kulia. "Kuni," akasema, akahamia kwa mwenzangu. Hakukasirika. Angenigombeza, usiku ule ningelala.

Wiki hii tumehama nyumba na Rehema ameanza zamu za usiku, lakini mimi bado naliona lile buti.

Mnaonifuata mnaujua ule ua wa hothoni, mti wa miiba, hapa Leicestershire, Uingereza: umeachwa ukapanda hadi mita 3, juu majani tele, chini vipara, na kondoo wanapita watakavyo. Dawa yake ni kukata kila shina karibu lote, kulilaza juu ya mwenzake, na liendelee kuishi. Msimu ni kati ya Oktoba na Machi, mti ukiwa umelala na ndege hawajajenga viota.

Kosa langu nalijua. Shina lilikuwa na unene wa sentimita 5 hivi, nami nikaanzia mkato sentimita 8 tu kutoka ardhini. Lilitaka nianzie 15 hadi 20, panga lishuke karibu sambamba na shina, polepole, mpaka karibu na udongo, ubaki ulimi mwembamba wa gome na mti mbichi kidogo. Ulimi ukiwa mrefu, mkunjo unasambaa. Ukiwa mfupi kama wangu, uzito wote unaangukia sehemu moja na nyuzi zinakatika. Ukiuacha mnene kwa woga, ndiyo mbaya zaidi: unavuta, shina linapasuka kwenda juu. Halafu kulikuwa na barafu asubuhi ile, na mti ulioganda haukunjiki, unavunjika. Wenye akili walisubiri jua, wakanywa chai.

Panga lenyewe ni fupi, ncha imepinda kama mdomo wa kasuku. Linakata vizuri mno, ndiyo shida yake.

Jumapili nikampigia mama, nikamweleza yote, hadi vigingi vya kila sentimita 45 na fito zinazosukwa juu yake ili ng'ombe akijikuna asiuinue ua. Fito alizielewa haraka kuliko nilivyozielewa mimi. Kwetu Singida ua ni minyaa: unakata kijiti, unakiacha kivulini maziwa yakauke, unachomeka, basi. Cha kuangalia ni macho tu, utomvu usiyaguse.

"Shina limekatika. Na kisiki?"

"Kizima, mama."

"Kina mizizi?"

"Kinayo."

"Sasa mwanangu unalia nini?"

Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana nimelirudia tukio la Jumamosi mara hamsini na kumbe kila mara naruka kipande. Mzee hakuhamia kwa mwenzangu moja kwa moja. Alipiga goti kwanza, akachukua msumeno, akakikata kile kipande cha mti kilichobaki kimesimama kwenye kisiki, kwa mshazari, chini kabisa, ili maji ya mvua yateleze na machipukizi yatoke usawa wa udongo. Ukikiacha kirefu, machipukizi yanatokea juu na chini panabaki kipara kilekile. Ndipo akaondoka.

Kwa hiyo neno lile lilikuwa la shina peke yake! Shina lililolazwa ni la kuzuia kondoo kwa miaka michache tu. Ua wenyewe ni yale machipukizi ya kisiki yatakayopanda wima katikati ya yaliyolala. Kisiki changu kitachipua sawa na vingine. Kimebaki na pengo tu juu yake, na pengo linazibwa kwa kumlaza jirani wa upande wa bondeni chini kidogo kuliko kawaida, kichwa kikielekea mlimani, kwa pembe ya nyuzi 35 hivi. Nimelichora hilo kwenye bahasha ya bili ya umeme. Jumamosi naanza na huyo jirani, mkato mrefu, na barafu ikiwapo nitakunywa chai na wenye akili.

Mama alikuwa ameshahama mada. Mabati ya jiko hayajafika, fundi ameshalipwa nusu na hapokei simu, na mvua huko imekolea. Huyo fundi nimempigia mimi leo mara 3. Inaita tu.