Acheni kulaminisha katuni za zamani

"Peleka mjini wakulaminishie." Ushauri huu nimepewa na muuza vitabu vya inama, vile vya mitumba vinavyotandazwa chini barabarani, na kijana wa saiba, na hata na binamu yangu mwalimu wa sanaa, ambaye nilidhani angalau yeye angeihurumia karatasi. Wote waliusema kwa uhakika wa daktari. Sasa rundo langu la katuni za zamani limenyooka, limesafishwa na limelala kabatini bila kupitishwa kwenye mashine yoyote, kwa hiyo naona nina haki ya kulalamika kidogo.

Mashine ile huyeyusha gundi kwa moto mkali, kisha huishindilia ndani ya karatasi. Ikishaingia haitoki. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na ile lignini, kitu kinachoushikilia mti uwe mgumu, hubaki humo humo. Ndiyo maana hugeuka rangi ya chai ikipigwa na mwanga, na asidi inayozaliwa ndani yake huendelea kuikata hata ukiifungia kwenye plastiki. Tena kabla ya kulaminisha lazima pini za katikati zing'olewe na kurasa zikatwe moja moja. Unarudi nyumbani na vitambulisho thelathini na mbili vikubwa, si jarida.

Rundo langu lilikuwa mchanganyiko wa kawaida wa Nairobi. Joe kadhaa, lile jarida la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililoanza 1973. African Film za mpelelezi Lance Spearman, zile za picha za kamera badala ya michoro. Pichadithi za miaka ya 80, zile hadithi za katuni, Lwanda Magere, shujaa wa Waluo, akiwemo. Commando za Uingereza, zile katuni za vita, chungu nzima, na juu yake kurasa mbili nilizoapiwa kuwa ni michoro ya mkono. Yote yalinitoka kama elfu nne na kitu. Yalikuwa yamekaa kwenye kreti chini ya dirisha linalovuja, kwa hiyo yamejikunja kama chapati, pini zina kutu, na aliyekuwa nayo zamani aliipenda selotepu kupita kiasi.

Kunyoosha ndiko kulikonitoa jasho. Ushauri wa pili mbaya ulikuwa huu: nyunyiza maji kidogo, funika kwa kitambaa, piga pasi. Pasi niliiogopa. Lakini ile nusu ya kwanza nikaikubali kwa ujinga wangu mwenyewe. Nilichukua kile kichupa cha kunyunyizia nguo, nikapuliza majalada matatu mbele na nyuma, nikayapanga moja juu ya jingine, nikaweka ubao na juu yake belo la unga. Belo ni pakiti kumi na mbili za kilo mbili, kilo 24 kamili. Nilijiona mhandisi. Kesho yake nikaondoa unga, nikainua ubao, na yale majalada matatu yakainuka pamoja kama kitu kimoja.

Kilichotokea ni hiki. Jalada linalong'aa si karatasi tupu. Limepakwa udongo mweupe laini pamoja na gundi ili wino ukae juu na kumeta. Likilowa, ule mpako hulegea na kunata, na likikaukia chini ya uzito hushikana na chochote kilicho karibu nalo. Nikajaribu kuyaachanisha kwa kisu cha siagi, taratibu, pumzi nimeizuia. La juu lilitoka likiwa limeacha uso wa mtu mzima kwenye mgongo wa jirani yake. Pua, miwani, sharubu, vyote vimehama nyumba. La kati likawa na vichwa viwili. Bado ninayo, na wageni nawaonyesha hayo kabla ya mazima.

Karatasi iliyojikunja inahitaji unyevu, siyo maji. Tofauti ndiyo hiyo tu. Chukua beseni la plastiki lenye kifuniko. Chini weka taulo iliyolowa na kukamuliwa hadi isidondoke. Juu yake simamisha ule waya wa kupozea keki, uinuke vidole vitatu au vinne, kisha tandaza jarida juu ya waya likiwa limefunuliwa katikati. Hakikisha matone hayadondoki kutoka kwenye kifuniko. Mimi hukibandika kitambaa kikavu kwa ndani. Karatasi ya gazeti hutosheka kwa saa mbili au tatu, jalada nene huenda hadi sita. Utajua limekuwa tayari likilegea mkononi kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, lakini ukiligusa halina umaji. Ukilisahau usiku kucha, ukungu utakukaribisha asubuhi, hasa mwezi wa Aprili.

Likitoka hapo, kila upande unaong'aa uguswe na karatasi ya kuokea, ile isiyonata, peke yake. Nje ya hiyo weka karatasi nene za kunyonya maji, halafu ubao, halafu uzito. Pakiti tatu nne za unga zinatosha. Belo zima huacha alama za pini kwenye kurasa zote za katikati. Badilisha zile karatasi za kunyonya baada ya nusu saa, tena baada ya saa mbili, kisha acha siku nne au tano. Ukifungua siku ya pili kwa sababu ya kiherehere, linajikunja upya mbele ya macho yako.

Pini zenye kutu zitoke kabla ya hayo yote, maana unyevu huisambaza kutu. Usitumie kile kidude chenye meno. Funua katikati, inua miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu, kisha isukume itokee mgongoni. Mimi sirudishi pini. Nashona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale na kufunga fundo ndani.

Selotepu ya zamani iliyokauka hujitoa yenyewe na kuacha doa la kahawia. Doa hilo liache. Ile ambayo bado inanata pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo, umbali wa shubiri, halafu ivute ikiwa imejikunjia mgongoni pake, siyo kwenda juu. Kuna watakaokwambia upake petroli au thina. Thina huyeyusha gundi kweli, kisha huisukuma ndani ya karatasi, na ikiwa njiani huondoka na wino.

Uchafu wa juu ndio raha yangu. Nunua kifutio cheupe cha plastiki, siyo cha waridi, ukikune kwenye kikunio cha karoti hadi kiwe kama chenga za nazi. Mwaga chenga hizo kwenye jalada na uzizungushe kwa ncha za vidole, mwendo wa duara, bila kukandamiza. Zinageuka kijivu, unazifagia kwa brashi laini, unamwaga nyingine. Jalada la Commando linakula nusu kifutio. Usifanye hivyo kwenye karatasi ya gazeti iliyokwisha kukatika kingo, itaondoka na chenga. Na harufu ya kreti? Makaa ya jikoni yaliyofungwa kwenye soksi safi, ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na majarida bila kugusana, wiki mbili. Penye wadudu, funga jarida kwenye plastiki isiyopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uliache nje saa 24 kabla ya kufungua. Ukilifungua likiwa bado baridi, jasho la hewa hulilowesha.

Mifuko ilinisumbua kidogo kwa sababu tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na ile ya wakusanyaji wa ng'ambo hufika kwa bei ya kukasirisha. Zile karatasi angavu za faili, za A4, zinafanya kazi vizuri. Jarida la Kimarekani la kawaida lina upana wa kama milimita 170 na urefu wa 260, linaingia bila kusukumwa. Tafuta zenye alama ya PP, yaani plastiki ya polipropilini. Zisizo na alama zipime hivi: pasha waya wa shaba kwenye moto wa gesi hadi uwe mwekundu na moto usiwe na rangi, ugusishe kwenye kipande cha plastiki, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, hiyo ni PVC, na PVC hunata kwenye wino baada ya miaka michache. Fanya karibu na dirisha, ule moshi si wa kunusa. Muuzaji mmoja wa vifaa vya ofisi alinitazama kama mchawi nilipomwomba kipande nikachome.

Tukija kwenye zile kurasa mbili za michoro ya mkono, muuzaji aliniapia hivi. "Kastoma wangu, hii ni orijino kabisa, mchoraji mwenyewe aliniachia." Sawa. Nilibeba lenzi ya fundi saa, ile ya kukuza mara kumi, na taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Taa hizo zinapatikana Luthuli Avenue kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili hivi.

Kwanza tochi ya simu, ilazwe karibu usawa wa karatasi. Wino wa brashi huacha kinundu kidogo pale brashi ilipotua, na rangi nyeupe ya kusahihishia huonekana kama kigaga. Ukurasa wa kwanza ulikuwa laini kama kioo. Kwenye lenzi, mstari mweusi ulikuwa umezungukwa na vumbi la vidoto vya buluu, waridi na njano. Hiyo ni printa ya nyumbani. Ila msikimbilie kusema vidoto vyote ni uongo. Wachoraji wa enzi hizo walibandika karatasi angavu zenye vidoto ili kupata kivuli. Vidoto hivyo ni vyeusi tupu, vimekaa juu ya karatasi, na kwenye ukingo wake utaona mkato wa wembe. Mara nyingi vimesinyaa na kuacha ufa mwembamba usio na kivuli. Ufa huo ni ushahidi mzuri kuliko sahihi.

Ukurasa wa pili ulikuwa na hayo yote. Penseli ya buluu hafifu chini ya wino, kwa sababu kamera ya kiwanda cha uchapaji haikuiona buluu hiyo na mchoraji hakuhangaika kuifuta. Maneno kwenye kiputo yamebandikwa, na gundi yake imegeuka hudhurungi. Nyuma kuna maandishi ya penseli ya kumwambia mchapaji apunguze hadi asilimia 65. Michoro halisi karibu kila mara ni mikubwa kuliko ilivyochapwa. Wamarekani tangu mwisho wa miaka ya 60 huchora kwenye kadi ya inchi 11 kwa 17, na kabla ya hapo walichora kubwa zaidi.

Taa ya noti nayo hufichua ukarabati. Joe mojawapo ilikuwa na pembe nzima kabisa, nzuri ya kutia shaka. Nikazima taa ya chumba, na ile pembe ikawaka buluu kama shati la shule kwenye disko. Karatasi ya printa imebandikwa na kupakwa rangi. Dawa za kung'arisha karatasi zilienea kuanzia takriban 1950, kwa hiyo kitu kinachodaiwa ni cha kabla ya vita kikiwaka hivyo, mrudishie mwenyewe. Na mtu akikuletea Action Comics namba 1 ya 1938, ile iliyomleta Superman, usihangaike hata na taa, chukua rula. Mwaka 1974 ilichapwa upya kwa ukubwa wa kupindukia ikiwa na jalada la ziada kwa nje, na watu hulichana hilo la nje. Ya kweli ina urefu wa inchi kumi na nusu hivi. Ile nyingine inapita kumi na tatu.

Ukurasa wa mkono nimeulaza ndani ya folda ya kadi isiyo na asidi, mbali na ukuta wa nje ambao Julai hutoa jasho, na haukai fremu zaidi ya mwezi mmoja kwa sababu sehemu fulani zilijazwa kwa kalamu ya felti na zimeshaanza kuwa zambarau. Ule wa printa nao una kazi. Ndio ninaotandika mezani ninapokuna vifutio.